Shaaban Robert: Karani Aliyeitundika Nchi Hewani

Marehemu Shaaban Robert hana haja ya kujulishwa kwa watu wa pwani. Aliyesoma Kiswahili katika shule za Afrika Mashariki amekutana naye, na asiyesoma amelisikia jina lake. Lakini sifa nayo ina taabu zake. Mtu akishaitwa baba wa lugha, vitabu vyake hufunguliwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita hufungwa. Tukamfanya Shaaban mtoa nasaha, mzee wa kutuonya tuwe watu wema, tukamsahau Shaaban mwingine: yule wa majini, wa mji uliogeuka mawe, wa manyani wanaocharazwa viboko usiku wa manane, na wa nchi inayoning'inia baina ya mbingu na ardhi.

Huyo wa pili ndiye ninayetaka kumweleza leo, maana nimekaa naye mwezi mzima. Mwezi wenyewe ulikuwa wa Shaabani, jina likasadifiana na jina. Nilikuwa Homa Bay, kisha Migori, katika shughuli ya kununua dagaa, ambao wenyeji wa huko huwaita omena. Kazi ya dagaa ni ya alfajiri na ya jua. Usiku mtu hubaki na nafsi yake. Nilichukua Kusadikika, Adili na Nduguze na Kufikirika, na pamoja navyo habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe.

Mzee mmoja tuliyekuwa tukisali naye aliniuliza swali la haki. Ramadhani imekaribia, watu wanajiweka tayari kwa ibada. Je, yafaa Mwislamu kumaliza usiku akisoma habari za majini na nchi zisizokuwako? Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba muhula nimalize vitabu, kwa kuwa swali hilo halijibiki ila kwa kumjua kwanza aliyeviandika.

MTOTO WA VIBAMBANI

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, si mbali na mji wa Tanga. Baba yake aliitwa Robert Ufukwe, na asili ya wazee wake ilikuwa ya Kiyao. Wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya Wadachi. Kijana alipofikia umri wa kwenda shule, vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha na Mwingereza ndiye aliyeketi mahali pa Mdachi. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, na katika wanafunzi kumi na mmoja waliopata cheti cha kumaliza masomo mwaka ule, yeye alikuwa wa pili.

Hapo shule ikaishia. Hakwenda chuo kikuu, wala hakupelekwa Ulaya. Elimu iliyobaki aliitafuta mwenyewe, vitabuni na kwa watu.

Jina lake limewatatiza wengi. Mwislamu, tena wa pwani, vipi awe Robert? Jibu ni jepesi: Robert ni jina la baba yake, na mtu huitwa kwa baba yake. Yeye aliishi Mwislamu, akafa Mwislamu, na dini imetapakaa katika tungo zake tangu mwanzo hata mwisho. Na wako waliosema kwamba Myao hawezi kuwa bingwa wa Kiswahili. Shaaban hakugombana nao sana. Alikaa akaandika, akaandika tena, mpaka ikawa mwenye kutaka kuonyesha Kiswahili safi hana budi kupitia kwake. Niliyawaza hayo nikiwa Migori, mahali ambapo Mjaluo, Mkuria, Msuba na Msomali wanauziana sokoni kwa Kiswahili, na kuvuka mpaka wa Isebania hata Sirari ni kama kuvuka barabara. Lugha haikuuliza ukoo wa mtu pale, kama isivyouliza ukoo wa Shaaban.

MIAKA YA OFISINI

Mwaka 1926 aliingia katika kazi ya serikali kuwa karani wa forodha, akadumu huko mpaka 1944. Tafakari, ndugu msomaji: miaka kumi na minane ya kuhesabu shehena, kupokea ushuru na kuandika madaftari ya watu wengine. Baadaye akahamishiwa idara ya wanyama hadi 1946, kisha ofisi ya jimbo Tanga hadi 1952, na mwisho idara ya upimaji wa ardhi hadi 1960. Jumla ni miaka thelathini na minne chini ya wakubwa wa Kizungu.

Karani Mwafrika wa zama zile alikuwa mtu wa katikati. Mtaani alionekana bwana mkubwa, kwa kuwa alijua kusoma na kuvaa viatu. Ofisini alikuwa mdogo wa wadogo. Aliona barua zikiingia na kutoka, akajua nani kaonewa na nani kapendelewa, na kinywa chake kilikuwa kimefungwa, maana mshahara wake ulitoka kwa wale wale waliokuwa wakionea. Akisema anafukuzwa, akinyamaza anakosa usingizi.

Shaaban alipata njia ya tatu. Aliitoa nchi ardhini akaipandisha hewani.

NCHI YA HEWANI

Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Ni habari ya nchi isiyogusa ardhi wala kufika mbinguni, nchi ya kuwazwa tu. Wenye kupenda hadithi za Kiingereza watakumbuka kisiwa kirukacho ambacho Jonathan Swift alimpeleka Gulliver wake, kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili tangu zamani. Lakini nchi ya Swift huchekesha. Ya Shaaban inatisha, na kitisho chake si cha mazimwi. Ni kitisho cha baraza.

Kijana mmoja, Karama, anashtakiwa na waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, yaani wajue namna ya kujitetea. Katika nchi ile maarifa ya kujitetea ni hatari kuliko upanga. Karama anaomba siku sita za kusema, na kila siku anaeleza habari ya mjumbe mmoja wa zamani: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wajumbe hawa walitumwa pande zote, mbinguni na ardhini pia, kutafuta mambo ya kuitengeneza nchi yao. Walivumilia mashaka makubwa, wakarudi na hazina ya mawazo. Malipo yao yalikuwa kifungo.

Nilisoma habari za wajumbe wale Homa Bay, mmoja kila usiku, kama Karama alivyozihadithia. Kufika usiku wa nne nilikwisha kujua kwamba huyu naye atafungwa, na hofu haikupungua kwa kujua, ilizidi. Hapo ndipo penye ustadi wa kitabu. Mjumbe anarudi na furaha, miguu imechubuka, moyo umejaa kheri aliyoiona ugenini; na msomaji anataka kumpigia kelele arudi alikotoka, asiingie mjini.

Fikirini karani mweusi akiyaandika hayo nje ya saa za kazi, katika Tanganyika iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, na kitabu kikapigwa chapa na kampuni ya Kiingereza! Mkubwa wake angesema nini? Nchi yenyewe haipo. Waziri mwenyewe hana uso wa mtu amjuaye. Mwenye kujiona ndani ya Majivuno atakuwa amejishtaki mwenyewe. Almuradi uzushi ulikuwa ngao ya mwandishi, na nyuma ya ngao ile alisema yale ambayo katika hotuba ya hadhara yangemponza.

MANYANI WA ADILI

Mwaka uliofuata, 1952, kikatoka Adili na Nduguze. Hiki ndicho kilichoninyima usingizi zaidi. Mfalme Rai wa Ughaibu ni mtu mwenye huruma hata kwa hayawani, na sheria za nchi yake zinawalinda wanyama. Nami nikakumbuka kwamba mwandishi alikuwa ametoka kutumika idara ya wanyama. Mtumishi wake Ikibali anatumwa Janibu kwa liwali aitwaye Adili, na huko anachungulia jambo la ajabu. Usiku Adili, mtu mpole aliyesifiwa na wote, anawatoa manyani wawili, anawapiga mpaka anachoka, halafu analia, anawapangusa na kuwalisha chakula kizuri. Kesho usiku vivyo hivyo.

Manyani wale ni ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja, Hasidi na Mwivu. Adili aliwasaidia kwa mali kila walipofilisika. Malipo yao yalikuwa kumtosa baharini katika safari, kwa sababu ya uchu wa mali na wa binti Mwelekevu aliyempata katika mji wa mawe, mji ambao watu wake walikaidi maonyo wakageuka mawe pale pale walipo. Aliyemwokoa ni Huria, mtoto wa jini aliyepata kutendewa wema na Adili. Huria ndiye aliyewageuza ndugu wale kuwa manyani, na kumwamuru Adili awapige kila usiku, la sivyo ataadhibiwa yeye.

Wajuzi wa Alfu Lela Ulela wanaitambua asili ya kisa hiki. Ni habari ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, zama za Khalifa Harun Rashid. Shaaban hakuinakili. Katika kisa cha Kiarabu ndugu waligeuzwa mbwa. Yeye akawafanya manyani, viumbe wenye mikono na nyuso zinazokaribia zetu, hata kila kiboko humwuma msomaji. Na katika kisa kile cha zamani ndugu walirudia hila zao, mwisho wao haukuwa mwema. Kwa Shaaban, Mfalme Rai anawaombea, Huria anakubali, na Hasidi na Mwivu wanarejea utu wao na kutubu.

Sasa nani kati yetu asiyeona hapa kivuli cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake? Nduguze walimtia kisimani kwa husuda, naye alipokuwa na uwezo wa kulipiza, alisamehe. Shaaban alikichukua kisa cha Basra akakivuta kwenye msamaha wa Yusuf. Ndugu ni kufaana, si kufanana, wasemavyo wazee, na kitabu kizima kimejengwa juu ya msemo huo.

Lipo jambo la kuongeza ambalo wengi hawalijui. Shaaban alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, na jina lake Yusuf limesadifu. Tangu 1931 hadi 1958 aliendelea kumwandikia barua, na barua hizo zimetolewa kitabu mwaka 2002. Basi mtu aliyewabuni Hasidi na Mwivu ndiye huyo huyo aliyedumisha undugu kwa kalamu miaka ishirini na saba, kutoka kila kituo alichohamishiwa. Alijua udugu ni kazi, kama kazi nyingine, na kwamba ukiachwa bila kutunzwa hugeuka mnyama.

MAWE YA MIGORI NA MAJI YA SIMBI

Nilipokuwa nikisoma mambo ya mji wa mawe, nilikuwa katika nchi ambayo nayo ina yake. Kaunti ya Migori ina Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe lililojengwa bila ya chokaa wala udongo, sasa ni zaidi ya miaka mia tano. Kuta nyingine zina urefu wa kupita watu wawili. Jina lake kwa Kijaluo ni la msitu mzito wenye kutisha, na mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ukisimama ndani yake jioni huhitaji kushawishiwa kwamba mawe yana kumbukumbu.

Upande wa Homa Bay, karibu na Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa siku nyingi, liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, maana yake kijiji kilichozama. Wenyeji husimulia kwamba bibi kizee alifika usiku, akawakuta watu katika ulevi na ngoma, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkirimu, naye akaambiwa aondoke haraka. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama na watu wake. Wataalamu husema shimo la ziwa ni la volkano. Hayo ni kweli kwa ziwa. Kisa kinasema ukweli wa mgeni na mwenyeji.

Na huko Gwassi, ufukoni, wanamweleza Nyamgondho, mvuvi fukara aliyevua bibi kizee katika wavu wake. Bibi akamletea ng'ombe wasiohesabika. Mume alipotajirika akawa mlevi na mwenye matusi. Bibi akarudi ziwani, ng'ombe wote wakamfuata majini, na Nyamgondho akabaki amesimama na fimbo yake hata akawa mti.

Msomaji atauliza, haya yanamhusu nini Shaaban wa Tanga? Yanahusu sana. Watu wa Ziwa hawakuwahi kukutana na watu wa Basra wala Machui, lakini wote wamesema neno moja: neema bila shukrani humgeuza mtu mawe, mti au nyani. Mwenyeji mmoja nilimsimulia Adili na Nduguze tukisubiri dagaa zikauke. Hakustaajabu hata kidogo. Aliniambia Hasidi na Mwivu walikuwa na bahati, maana Nyamgondho hakupata wa kumwombea.

DAMU YA DAWA

Kufikirika kilipigwa chapa mwaka 1967, mwandishi akiwa amekwisha fariki. Mfalme hana mtoto, na waganga na wataalamu wa kila namna wanaitwa. Mtoto anapatikana, anaugua, na dawa inayotajwa ni kafara: mjinga mmoja na mwerevu mmoja wauawe ili mrithi apone. Nilisoma kurasa hizo Migori, mvua ikipiga bati, na sikupata kusoma jambo la kuogofya kuliko utulivu wa watu wanaojadili damu ya binadamu kama wanaojadili bei ya mchele. Ni serikali yenye adabu, yenye utaratibu, na inatafuta watu wa kuchinja. Mtu aliyeishi katika karne ya vita vikuu viwili alijua alichokuwa akikisema. Yeye mwenyewe alitunga utenzi mrefu ajabu juu ya vita vya 1939 hata 1945.

Wala asidhaniwe alikaa hewani siku zote. Ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyetoka katika umaskini. Ndiye aliyemtungia binti yake Mwanjaa utenzi wa mawaidha, na mwanawe wa kiume wake. Ndiye aliyeweka mashairi ya Omar Khayyam katika Kiswahili. Alikaa katika kamati za lugha, akapewa nishani na Waingereza, na alipata tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake. Alistaafu 1960, akaushuhudia uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba, 1961, na mwezi wa Juni 1962 Mwenyezi Mungu akamchukua. Umri wake ulikuwa miaka 53. Amezikwa Machui.

JAWABU

Nimrudie yule mzee wa Homa Bay. Majini si uzushi wa Shaaban. Mwislamu anajua kwamba wameumbwa, na iko sura katika Kurani yenye jina lao. Visa vya mataifa yaliyoangamizwa kwa kiburi, kina Adi na Thamudi na watu wa Luti, tunavisoma ili tuzingatie. Ubaya wa hadithi uko pale inapomfanya mtu aogope kiumbe kuliko Muumba, au inapomstarehesha bila kumwachia kitu. Ziko hadithi za namna hiyo, na kuziacha ni bora, Shaabani hata Mfungo Mosi.

Hadithi za Shaaban hazikunifanya niogope gizani. Zilinifanya niogope Majivuno aliye ndani ya kila mwenye cheo, nami nikiwemo ninapowapangia bei akina mama wa ufukoni. Zilinifanya nimwogope Hasidi, ambaye hakuanza kuwa nyani siku ya Huria. Alianza siku alipoona mali ya ndugu yake ikamwuma. Ramadhani ni mwezi wa kusafisha moyo, na mtu hawezi kusafisha doa asiloliona. Ikiwa kitabu cha nchi isiyokuwako kimenionyesha doa langu, basi usiku ule haukupotea.

Hayo nilimwambia mzee, naye akakiazima Adili na Nduguze. Mpaka jungu linavunjwa hakuwa amekirudisha, nami sikumdai.

Kwa wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, vitabu hivi ni vyembamba na vinapatikana. Msivifungue kama watu wa mtihani. Visomeni usiku, kwa sauti, watoto wakisikiliza, kama bibi zetu walivyotuhadithia. Na mkifika mwisho, mwombeeni maghufira karani wa Machui, aliyenyimwa nafasi ya kusema juu ya ardhi, akaenda kusemea hewani, na maneno yake yakatuangukia kama mvua.